Bentley ya Havant, Datsun ya Margate

Treni inayotoka Waterloo jijini London kwenda Portsmouth hupita Guildford na Petersfield, kisha huteremkia pwani ya kusini ya Uingereza. Kabla ya kuifikia bahari husimama Havant, mji mdogo wa Hampshire ambao wageni wengi huupita wakiwa wamesinzia. Mimi niliukusudia. Katika mtaa wa Leigh Park, uliojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya watu wa Portsmouth walioharibiwa nyumba zao kwa mabomu, ndipo kilipokuwa kiwanda cha Minimodels, na humo ndimo yalimotengenezwa magari ninayoyakusanya.

Ni magari madogo ya umeme, kila moja likiwa sehemu moja kati ya thelathini na mbili za ukubwa wa gari halisi. Chini ya pua yake kuna ulimi unaoingia kwenye mfuo uliochimbwa katikati ya barabara ya kuchezea. Kandokando ya mfuo, kila upande, kuna reli nyembamba ya chuma, na reli hizo mbili hubeba umeme wa volti 12. Misuko miwili ya nyuzi za shaba, iliyofungwa pembeni mwa ule ulimi, huzisugua reli na kupeleka umeme kwenye mota. Mchezaji ana kidhibiti mkononi: akibonyeza zaidi gari linaongeza kasi, na akizidisha kwenye kona linachupa nje ya barabara. Usukani hakuna. Ustadi wote ni kujua lini ubonyeze na lini uachie.

Aliyeyabuni ni Fred Francis, fundi wa zana na kalibu. Mwaka 1952 kampuni yake, Minimodels, ilianza kuuza Scalex, magari ya bati yanayoendeshwa kwa springi. Mtoto alilibana gari chini na kulivuta nyuma, gurudumu la tano lililofichwa tumboni likakaza springi, kisha akaliachia. Watu waliyapenda, halafu wakayachoka, maana gari likishaachiwa halimsikii tena aliyeliachia. Francis akatia mota ndani ya magari yaleyale ya bati, akatengeneza barabara ya mpira yenye mfuo, akampa mtoto kitufe cha kuwasha na kuzima. Januari 1957 aliyaonyesha kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate kwa jina la Scalextric. Miongoni mwa ya kwanza yalikuwa Maserati 250F na Ferrari 375. Wanunuzi wakawa wengi kuliko uwezo wa kiwanda, na mwaka 1958 Francis akaiuza kampuni kwa Lines Bros, wenye chapa ya Tri-ang.

Nilitembea Leigh Park na mpwa wangu, anayesomea uhandisi Reading. Mtaa ni wa nyumba za matofali zenye bustani ndogo mbele, na watu waliokuwa wakienda dukani hawakuwa na sababu ya kutugeukia.

"Mjomba, tunatafuta nini hasa?" aliniuliza.

"Tunatazama mahali. Ukishajua kitu kimetoka wapi, unakishika kwa mkono mwingine."

Hakunijibu, lakini aliacha kutazama saa. Nikamweleza kwamba wakati ule vichwa vya madereva wa plastiki, vidogo kama punje za mahindi, vilipakwa rangi kwa mkono, brashi juu ya brashi. Ndiyo sababu ukipanga madereva kumi wa aina moja, hakuna wawili wenye sura moja.

*

Wakusanyaji wa Uingereza wana klabu yao ya kitaifa tangu mwaka 1981, na kwa mwaka mzima huwa na magulio ya Jumapili kwenye kumbi za shule na za jamii. Tulikwenda kwenye gulio moja huko kusini. Meza zimepangwa safu kwa safu. Upande mmoja kuna magari ndani ya maboksi yake ya awali, yamekaa kama yalivyotoka kiwandani, na bei yake inamfanya mtu arudi nyuma hatua moja. Huko ndiko yanakotajwa kwa heshima magari kama Bugatti Type 59 ya miaka ya 1960, nambari C70, iliyotengenezwa kwa uchache kiasi kwamba hata leo huuzwa kwa maelfu ya pauni. Upande mwingine, mara nyingi chini ya meza, kuna makasha ya mabovu: bodi bila magurudumu, chesisi bila bodi, madereva wasio na magari. Mimi huanza chini ya meza.

Ununuzi wa mabovu una taratibu zake. Kwanza nalipindua gari. Tumboni huwa kuna nambari yake na nchi lilikotengenezwa, na hapo unajua umeshika nini kabla rangi haijakudanganya. Pili, nakagua vishikio vya skrubu ndani ya bodi, kwa sababu vikivunjika bodi haikai tena sawasawa juu ya chesisi, na kuvijenga upya ni kazi ya subira. Tatu, naangalia matao ya magurudumu. Magari mengi yalikatwa kwa kisu ili yaingie matairi mapana, na plastiki iliyokatwa hairudi. Nne, vitu vidogo: kioo cha mbele, taa, bomba la moshi, kifuniko cha tangi. Hivyo ndivyo vinavyopotea kwanza na ndivyo vinavyogharimu zaidi. Vipo vya kuiga, vinavyotengenezwa leo kwa resini au kwa metali nyeupe, na muuzaji mwaminifu hukuambia kipi cha kale na kipi kipya. Mwisho, nagusisha betri ya volti 9 kwenye ile misuko miwili. Mota ikitikisika hata kidogo, kuna uhai. Isipotikisika, bado si msiba. Huenda ni kutu na vumbi tu.

Siku hiyo nilipata Bentley ya lita 4.5, nambari C64, ya kijani, kutoka kundi la magari ya kale ambayo Scalextric iliyatoa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Taa moja haikuwapo. Madigadi ya kushoto yalikwaruzika vibaya kuliko ya kulia. Matairi yalikuwa yamekauka na kupasuka. Betri haikuamsha kitu. Muuzaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, hakuficha lolote. Alinionyesha ubovu mmoja baada ya mwingine, kisha akataja pauni 35. Sikuomba apunguze.

"Mjomba, hii imekufa," mpwa wangu alisema tulipotoka nje.

"Tutaiuliza yenyewe," nikamjibu.

*

Tuliifungua usiku, mezani kwake Reading, juu ya taulo jeupe ili skrubu isidondoke ikapotea. Mtu anayetaka kuanza kazi hii hahitaji karakana. Anahitaji bisibisi ndogo ya saizi sahihi, koleo nyembamba, mswaki wa zamani, vijiti vya pamba, spiriti, mafuta mepesi ya mashine, pasi ya kulehemu na testa ya umeme. Juu ya hivyo anahitaji vifuko vidogo vya plastiki na kalamu, na nitaeleza kwa nini.

Kitu cha kwanza tulichokiona kilikuwa nywele za zulia, nyekundu na kahawia, zimejizungusha kwenye ekseli ya nyuma mpaka zikawa ngumu kama kamba. Karibu kila gari la zama zile huwa nazo. Kwenye nyumba za Waingereza barabara zilitandikwa sakafuni sebuleni, na magari yalimeza zulia taratibu kila Krismasi na kila siku ya mvua. Nywele hizo huzuia ekseli kuzunguka, mota inalemewa, inapata joto, na mchezo unaisha. Tulizikata kwa wembe na kuzivuta moja moja kwa koleo.

Kisha mota. Mota za wakati ule ziko wazi, amecha yake, ile sehemu inayozunguka, unaiona kwa macho, na hilo ni jambo la kushukuru kwa sababu kila hitilafu ina mahali pake pa kuonekana. Umeme unaingia kwenye misuko, unapita kwenye nyaya mbili hadi kwenye kaboni, kaboni zinagusa komyuteta, komyuteta inazipa koili umeme kwa zamu, na sumaku inafanya iliyobaki. Ukiifuata njia hiyo hatua kwa hatua kwa testa, utafika mahali umeme unapokomea. Kwenye Bentley ulikomea mara mbili: waya mmoja ulikuwa umekatika pale ulipolehemiwa, na komyuteta ilikuwa nyeusi kwa masizi na mafuta yaliyoganda. Waya niliulehemu upya. Komyuteta niliisafisha kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, mpaka shaba ikaonekana, kisha nikapitisha ncha ya kijiti cha meno kwenye zile nyufa nyembamba ili masizi yasiunganishe vipande vinavyotakiwa kutengana.

Mpwa wangu alitaka kuichomoa amecha nzima aisafishe vizuri. Nikamzuia. Sumaku za mota nyingi za kale hudhoofika zikitenganishwa na chuma kinachoufunga mzunguko wake, na mota iliyopoteza sumaku huzunguka kwa kelele bila nguvu. Anayelazimika kuifungua huweka kipande cha chuma mahali pa amecha papo hapo. Sisi hatukulazimika, kwa hiyo tuliiacha ilipo na kuisafisha hapo hapo.

Matairi mapya yapo. Watu hutengeneza ya saizi zote. Misuko mipya ipo pia. Taa iliyokosekana nililetewa kwa posta, ya kuiga, na niliishikisha kwa gundi inayobanduka bila kuumiza plastiki. Supaglu siitumii karibu na kioo, maana mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika. Matairi yale yaliyopasuka, misuko ya zamani, hata ule waya uliokatika, vyote niliviweka kwenye kifuko, nikaandika kilichotolewa, kilichowekwa na tarehe. Kifuko hicho kinafuatana na gari popote litakapokwenda. Atakayelimiliki baada yangu akitaka kulirudisha lilivyokuwa, ataweza.

Ilipofika zamu ya madigadi ya kushoto, mpwa wangu alishika msasa laini akaniangalia. Makwaruzo yale yangetoka. Nikamwomba tuyatazame kwanza. Yote yalikuwa upande mmoja, ya urefu mmoja, yameelekea nyuma. Gari hilo lilikuwa likitoka nje kwenye kona ileile ya kulia, mara kwa mara, na kugonga kitu kilekile, mguu wa meza au ukuta. Mtoto fulani alikuwa akijaribu kuipita kona hiyo bila kupunguza mwendo, na hakuacha kujaribu. Nikauweka msasa chini.

Hapo ndipo penye kanuni ninayoifuata, na ninaiamini kwa moyo wote: naondoa kinachozuia gari kukimbia, naacha kinachoonyesha kwamba lilikimbia. Nywele za zulia zinazuia. Masizi yanazuia. Makwaruzo hayazuii kitu. Hayo ni ushahidi. Wapo wakusanyaji wanaong'arisha kila kitu mpaka gari lionekane limetoka kiwandani jana, na sina ugomvi na mikono yao. Lakini gari la kuchezea lilitengenezwa lichezewe. Ukilifuta alama za mchezo umelirudisha kwenye siku ambayo lilikuwa bado halijafanya kazi yake.

Tulipogusisha betri, magurudumu yalizunguka, kwanza kwa kusitasita, halafu sawasawa. Mpwa wangu alicheka kwa sauti, akanyoosha mkono tena kuomba betri.

*

Kutoka Waterloo hadi Weybridge, Surrey, si mbali, na anayependa magari haya anawajibika kwenda. Hapo ndipo ilipo Brooklands, uwanja wa kwanza duniani kujengwa mahsusi kwa mashindano ya magari, uliofunguliwa mwaka 1907. Ulikuwa na urefu wa kilomita 4.4 hivi, na kona zake za zege zilijengwa kwa mwinamo, zikainuka karibu mita 9 ili magari yapite bila kupunguza kasi. Mwaka 1932 Tim Birkin alizunguka hapo kwa Bentley kwa wastani wa kilomita 222 kwa saa. Mwaka 1935 John Cobb, kwenye Napier-Railton, alifikisha karibu 231. Rekodi ya Cobb haitavunjwa kamwe, kwa sababu vita vya 1939 vilikomesha mashindano na uwanja ukaachiwa viwanda vya ndege. Sehemu za zile kona zimebaki, zege limepasuka na majani yameota kwenye nyufa, na Napier-Railton yenyewe imo ndani ya makumbusho.

Nilipanda mwinamo ule kwa miguu. Juu, unapotazama chini, unaelewa jambo ambalo barabara ya plastiki haikuelezi: woga. Magari ya Francis yaliukopa mchezo wa watu wazima, yakaubakizia kasi na kona, yakauondolea kifo. Si jambo dogo. Kizazi kilichokulia kwenye vifusi vya vita kilipewa mchezo ambao gari likiruka nje ya kona unaliokota na kulirudisha kwenye mfuo.

Na mwaka 2009 Brooklands na Scalextric zilikutana. Mtangazaji James May, kwa kipindi chake cha televisheni, aliwakusanya mamia ya watu wa kujitolea, wakatandaza barabara ya Scalextric kuufuata mkondo wa uwanja ule wa kale. Ilizidi kilomita 4, na kwa kuwa pale palipokuwa uwanja leo pana majengo, barabara na maji, iliwabidi wavuke vyote hivyo. Magari yale madogo yakauzunguka uwanja ambao magari makubwa hayawezi tena kuuzunguka.

*

Kituo cha mwisho kilikuwa Margate, Kent, mji wa ufukweni ambako watu wa London wamekuwa wakienda kuogelea kwa vizazi. Una bustani ya michezo ya Dreamland, yenye reli ya mbao ya kupanda na kushuka iliyofunguliwa mwaka 1920, na una jumba la sanaa la Turner Contemporary lililofunguliwa mwaka 2011. Mimi niliishika njia ya Westwood, nje kidogo ya mji, kilipojengwa mwaka 1954 kiwanda cha treni za kuchezea za Tri-ang. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kazi ya Scalextric ilihamishiwa huko kutoka Havant. Lines Bros ilianguka mwaka 1971, chapa ikapita mikononi mwa wamiliki wengine hadi ikawa mali ya kampuni ya Hornby, na mwishoni mwa miaka ya 1990 utengenezaji wenyewe ukahamia China. Gari lenye maandishi ya kwamba limetengenezwa Uingereza ni la kipindi kilichofungwa.

Katika duka la vitu vya mitumba mjini humo, kwenye kapu la magari mchanganyiko, niliiona Datsun 260Z ya Scalextric ya miaka ya 1970. Mwenye duka alinionya kwamba haina thamani, kwa sababu mtu aliipaka rangi. Kweli ilipakwa, tena kwa brashi nene: bodi nyekundu, boneti nyeusi. Pale rangi ilipobanduka, rangi ya kiwandani ilichungulia. Alinishauri niitoe ile rangi ya brashi kwa dawa, maana bodi ya chini ni nzima.

Mimi nimekulia chini ya milima ya Usambara. Baba yangu, akiwa kijana, alisimama kando ya barabara usiku kucha kungoja magari ya mashindano ya East African Safari, enzi ambazo mashindano hayo yalivuka Kenya yakaingia Tanzania. Datsun 240Z, ndugu mkubwa wa hii, ilishinda mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe akashinda, na baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Baba hakuyajua majina ya madereva wote, lakini rangi alizijua, na alitusimulia mara nyingi: nyekundu, boneti nyeusi ili jua lisimchome dereva machoni.

Nililishika gari lile dukani nikamwita mpwa wangu.

"Hii ni ile ya babu?" akaniuliza.

"Ni ile."

Mtoto wa Kent, aliyekuwa na Datsun ya rangi aliyoikuta kwenye boksi, alikuwa ameitaka Datsun ya Safari. Akachukua brashi akajitengenezea. Kwa mnunuzi wa bei, huo ni uharibifu. Kwangu ni sehemu yenye thamani kuliko zote, na dawa ya kutolea rangi haitaigusa. Nimeisafisha mota, ambayo kwenye magari ya kipindi hicho ni ya kopo lililofungwa na haihitaji zaidi ya mafuta tone moja kila upande wa ekseli yake. Nimeipa misuko na matairi mapya, na ya zamani yamo kwenye kifuko chake.

Familia nyingi za Tanga, Mombasa, Zanzibar na Muscat zina ndugu waliowahi kurudi kutoka Ulaya na sanduku la magari kama haya. Kama kwenu lipo, usiichomeke ukutani ile transfoma ya zamani. Waya wake umeshakauka na unaweza kuua. Nunua mpya ya volti 12. Zifute reli kwa kitambaa chenye spiriti, ondoa nywele kwenye ekseli, badilisha misuko. Na kabla hujanunua dawa ya kutoa rangi, kaa na gari hilo mezani, lizungushe pande zote, uulize nyumbani nani alilipaka na alitaka liwe gari gani. Huenda aliyelipaka bado yupo, na atakueleza.